Zahanati haina dawa na gavana hapokei simu: ulalamike kwa nani?

Swali la kama wananchi wanaiamini serikali ya kaunti huzuka kila msimu wa siasa, na majibu huwa ya ushabiki: gavana wetu mwizi, gavana wetu mchapakazi. Imani ya aina hiyo haimsaidii mama aliyesimama kwenye dirisha la dawa akiambiwa akanunue nje. Yeye anataka kujua ni ofisi ipi inayolazimika kumjibu, ndani ya siku ngapi, na isipojibu atafanya nini. Tangu kaunti 47 za Kenya zianze kazi baada ya uchaguzi wa Machi 4, 2013, njia za kuzihoji zimekuwa nyingi hivi kwamba watu hukimbilia ile yenye kelele zaidi. Nitazilinganisha hapa kwa vipimo vinavyomgusa mlalamishi: gharama, muda, na kitakachobaki mkononi mwake safari ikiisha. Sifichi kwamba nina upande ninaoegemea.

Kwanza, je, ni kosa la kaunti?

Hasira nyingi hutumwa kwa anwani isiyo yake. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 ndilo linalogawa kazi. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, chekechea, vyuo vya ufundi vya mashinani, masoko, uzoaji taka, leseni za biashara na za baa, kilimo na mifugo, yote hayo ni ya kaunti. Polisi, shule za msingi na sekondari, barabara kuu na hospitali za rufaa za kitaifa kama Kenyatta ni za serikali kuu. Darasa la shule ya msingi lililofika kwenye linta likaachwa, mara nyingi ni la pesa za NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, na wa kuulizwa hapo ni mbunge. Chifu naye si mtu wa gavana. Hata kamishna wa kaunti, licha ya jina lake, anawakilisha serikali kuu.

Barabara ndizo zenye matata. Barabara ya marram inayopita mbele ya nyumba yako huenda ni ya kaunti, huenda ni ya KeRRA, mamlaka ya serikali kuu ya barabara za vijijini, na ukiwa mjini huenda ni ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini. Uliza katika ofisi ya ujenzi ya kaunti kabla hujaandika lolote, la sivyo utapoteza mwezi mzima ukirushwa huku na huku.

Msomaji wa Tanga au Mwanza atakumbuka kwamba kwao mkuu wa mkoa huteuliwa na Rais, na Rais akichukizwa humwondoa. Gavana wa Kenya ameingia kwa kura na Rais hawezi kumfuta kazi. Kwa hiyo kumlilia Rais kwenye mkutano wa hadhara kuhusu dawa za zahanati kutakupa makofi ya umati na pengine sekunde chache kwenye taarifa ya habari, basi.

MCA au barua ya kudai habari?

Hizi ndizo njia mbili za kuanzia, na ndizo ninazotaka kuzikalia zaidi kwa sababu ndizo zinazomfaa mtu wa kawaida.

MCA, yaani diwani anayeiwakilisha wadi yako katika bunge la kaunti, yuko karibu. Wadi ni 1,450 nchini, na katika nyingi unaweza kumpata kwa simu, kwenye matanga au nje ya msikiti siku ya Ijumaa. Hatakutoza kitu na hatakudai barua. Taa ya mulika mwizi iliyozimika, bomba lililopasuka, jina lililoruka kwenye orodha ya basari: mambo ya namna hii MCA anaweza kuyamaliza kwa kumpigia afisa simu moja. Akitaka kwenda mbali zaidi, anaweza kusimama katika bunge la kaunti na kudai taarifa kutoka kwa mwenyekiti wa kamati ya afya, na jibu likaingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za bunge. Hilo la mwisho watu wengi hawamwombi. Humwomba "atusaidie", naye hujibu "nitafuatilia", na mazungumzo yanaishia hapo.

Udhaifu wake hautokani na tabia ya mtu mmoja, umo katika mpangilio wenyewe. Kazi ya MCA ni kumchunguza gavana, lakini ili achaguliwe tena anahitaji barabara na visima katika wadi yake, na anayevitoa ni gavana yuleyule. Ukimpelekea jambo linalomgusa gavana moja kwa moja, angalia kwanza MCA wako anakaa upande gani. Wa upande wa gavana atalipooza. Wa upande wa pili atalipokea kwa furaha na kulifanya rungu lake, na dawa zako zitasahaulika katikati ya ugomvi wao.

Barua ya kudai habari ni njia ya polepole zaidi, lakini ina sheria nyuma yake. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 imeweka siku: afisa anapaswa kujibu ndani ya siku 21, na ikiwa jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Unaweza kuandika kwa Kiswahili. Asiyejua kusoma anaweza kueleza kwa mdomo, na afisa ndiye atakayeandika. Hulazimiki kueleza unaitakia nini hiyo habari. Kuomba ni bure, unachoweza kudaiwa ni gharama ya kutoa nakala.

Siri yake iko katika namna ya kuuliza. Ukiandika "naomba kujua kwa nini zahanati yetu haina dawa", umeomba hotuba, na hotuba utaipata. Uliza karatasi. Kwa mfano (KEMSA ni shirika la serikali linalosambaza dawa kwa vituo vya umma):

"Naomba nakala za hati za kupokelea dawa za zahanati ya (jina) kuanzia Januari 1 hadi Juni 30, pamoja na nakala za maagizo yaliyotumwa KEMSA kwa ajili ya zahanati hiyo katika kipindi hicho."

Kwa mradi uliokwama, omba mkataba, BQ (orodha ya vifaa na kazi pamoja na bei zake) na vyeti vya malipo. Barua iende kwa Katibu wa Kaunti, na nakala kwa afisa mkuu wa idara husika. Peleka mwenyewe, na nakala yako igongwe muhuri wa tarehe. Usiondoke masjala bila muhuri hata ukiambiwa mwenye nao ametoka kwenda kula. Bila tarehe hiyo, siku 21 hazina pa kuanzia.

Siku zikipita kimya, sheria inahesabu kimya hicho kuwa umekataliwa. Una siku 30 za kupeleka jambo hilo mbele ya Tume ya Haki katika Utawala, CAJ, ambayo wengi huiita Ombudsman. Nako pia ni bure. Wapo wanaosema tume hiyo haina meno, na kwa malalamishi ya kawaida, kama kucheleweshwa au kudharauliwa na afisa, kweli kazi yake kubwa huishia kwenye mapendekezo. Kwa habari mambo ni tofauti: tume inaweza kuamuru zitolewe, na amri hiyo ikisajiliwa Mahakama Kuu inatekelezwa kama hukumu. Ndiyo sababu nikipewa nafasi moja tu huchagua barua.

Utasema habari hazitibu malaria. Sawa, ila tazama zinavyobadilisha mazungumzo. Bila karatasi, muuguzi anasema KEMSA haijaleta, kaunti inasema imeagiza, na kila mtu yuko salama. Ukiwa na hati iliyosainiwa ya tarehe fulani inayoonyesha makatoni ya dawa yalipokelewa pale kituoni, suala limetoka kwenye bajeti na kuingia kwenye wizi. Ukiambiwa hati hazipo kwa kuwa hakuna kilichoagizwa, suala liko makao makuu ya kaunti, na muuguzi mliyekuwa mkimtukana hana hatia. Washukiwa ni wawili tofauti na njia za kuwafuata ni mbili tofauti, na hutajua uende wapi mpaka upate karatasi.

"Hazina haijatuma pesa"

Hiki ndicho kisingizio utakachokisikia zaidi, na ubaya wake ni kwamba wakati mwingine ni kweli. Katiba inataka kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa. Mgao huo ulikuwa shilingi bilioni 190 mwaka wa fedha wa 2013/14 na umefika bilioni 415 mwaka wa 2025/26, lakini hutumwa kwa awamu, na awamu huchelewa. Mishahara inapata kipaumbele, dawa na wanakandarasi wanangoja.

Wa kukuthibitishia ni wawili, nao hawafanani. Msimamizi wa Bajeti, ofisi anayoiongoza Margaret Nyakang'o, hutoa ripoti kila robo mwaka: kaunti imepokea kiasi gani, imetumia kiasi gani kwa mishahara na kwa maendeleo, inadaiwa kiasi gani. Ni ya haraka, ila haikuambii kama pesa zimeibwa. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, huja baadaye. Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, naye ana miezi sita ya kukagua, yaani hadi mwisho wa Desemba. Yeye ndiye anayetaja soko lililolipiwa na halifanyi kazi, gari la wagonjwa lililoegeshwa tangu linunuliwe, malipo yasiyo na stakabadhi. Ukitaka kujua kama kisingizio cha leo ni cha kweli, soma ya kwanza. Ukitaka ushahidi wa jambo la mwaka jana, soma ya pili, na utafute jina la wadi au la mradi badala ya kuanza ukurasa wa kwanza. Zote mbili zimeandikwa kwa Kiingereza cha wahasibu, jambo ambalo kwa ofisi zinazoripoti kwa umma ni aibu.

Mikutano ya kutoa maoni dhidi ya mahakama

Kila anayewahi kuhudhuria anaijua: hema, viti vya plastiki, afisa anayesoma takwimu kwa kasi, kijitabu kinene kinachogawiwa asubuhi ile ile ambayo watu wanatakiwa kukitolea maoni, karatasi ya kusaini inayozunguka kabla hata mkutano haujaanza, kisha soda. Wengi wameacha kwenda. Wanasema sahihi zao ndizo zinazotafutwa, maoni yao hayahitajiki, na mara nyingi wanasema kweli.

Hata hivyo hukumu moja ilionyesha kwamba karatasi ile ina uzito. Aprili 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013, iliyokuwa imeweka ada na tozo mpya, kwa sababu umma haukushirikishwa inavyotakiwa. Kaunti ilikata rufaa na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na uamuzi huo. Tangu wakati huo maafisa wa kaunti wanajua kwamba tangazo la siku mbili gazetini linaweza kuwagharimu sheria nzima.

Kwa hiyo hizi ni sehemu mbili za njia moja. Mkutano unakugharimu asubuhi yako. Kesi inaweza kukugharimu miaka, ingawa Kifungu cha 22 cha Katiba kinasema kufungua kesi ya haki za msingi hakutozwi ada, na kanuni za 2013 zinaruhusu mahakama kupokea hata barua ya kawaida. Atakayesikilizwa vizuri mahakamani ni yule aliyepeleka maoni kwa maandishi, akagongewa muhuri, na akapuuzwa. Aliyekaa nyumbani akilaani atakuwa na kazi kubwa kueleza alinyimwa nini.

Kama utakwenda kwenye mikutano, chagua ule wenye maana. Umati hujitokeza kwa makadirio ya bajeti, ambayo hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Wakati huo miradi imeshapangwa na mnagombania makombo. Mradi hutajwa kwa jina mapema zaidi, katika mpango wa maendeleo wa mwaka, ADP, unaotakiwa kuwasilishwa kufikia Septemba 1, karibu miezi kumi kabla mwaka wa fedha husika haujaanza. Viwango vya jumla vya kila idara huamuliwa katika waraka wa mkakati wa fedha, kufikia Februari 28. Agosti hakuna hema wala soda, na hapo ndipo zahanati yako inapoweza kuingizwa kwa barua ya ukurasa mmoja.

Ombi kwa Seneti

Ni njia ya kikundi. Mtu mmoja anaweza, ila sahihi nyingi hupewa uzito zaidi. Sheria ya maombi kwa Bunge ya 2012 inakubali Kiswahili na hata maandishi ya mkono. Inakutaka useme umeshajaribu wapi na kwa nini hukuridhika, ueleze kama kuna kesi mahakamani, utamke unachoomba kifanyike, kisha uweke jina, nambari ya kitambulisho na sahihi au alama ya kidole gumba. Unaona basi kwa nini barua yenye muhuri hutangulia. Kamati ya Seneti ina siku 60 za kujibu. Bunge la kaunti nalo hupokea maombi, na kisheria ndilo la karibu, lakini ikiwa madiwani wengi ni wa gavana, Seneti iko mbali nao vya kutosha kuuliza bila aibu. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba magavana wanawajibika mbele ya Seneti hata kwa pesa zinazokusanywa na kaunti zenyewe.

EACC

EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi, ni ya wizi tu. Ukosefu wa dawa si kesi ya EACC. Hati iliyosainiwa kwa makatoni yasiyofika kituoni ni kesi yake. Nambari ya bure ni 1551. Jiandae kungoja: Ferdinand Waititu, aliyekuwa gavana wa Kiambu, alishtakiwa Julai 2019 kuhusu zabuni ya barabara ya takriban shilingi milioni 588, na hukumu ilitoka Februari 2025: faini ya shilingi milioni 53.5 au kifungo cha miaka 12. Tume huchunguza, DPP, mkurugenzi wa mashtaka ya umma, ndiye anayeamua kushtaki, mahakama ndiyo inayohukumu, na kila hatua ina mlolongo wake. Anayetaka panadoli Jumatatu asianzie hapa.

Kumng'oa gavana

Hii ndiyo inayotazamwa na nchi nzima, na ndiyo isiyo yetu. Hoja huletwa na MCA, inahitaji kura za thuluthi mbili ya wajumbe wote wa bunge la kaunti, kisha Seneti ndiyo inayoamua. Martin Wambora wa Embu alikuwa wa kwanza kukumbana nayo, mwaka 2014. Mahakama zikamrudisha, na 2017 akachaguliwa tena. Mwaka 2020 Seneti ilimtoa Waititu Januari na Mike Sonko wa Nairobi Desemba, lakini katikati ya mwaka kamati ya maseneta 11 ikasema tuhuma dhidi ya Anne Waiguru wa Kirinyaga hazikuthibitishwa. Meru, bunge la kaunti lilipiga kura mara tatu dhidi ya Kawira Mwangaza. Seneti ilimwokoa mara mbili, ikamwondoa Agosti 2024, na Mahakama Kuu ikaidhinisha hatua hiyo Machi 2025.

Sisemi magavana hao hawakuwa na la kujibu. Nasema mwananchi hana usukani hapo. Hoja huletwa hesabu za madiwani zikitimia na hufa wakipatana, na kama zahanati yako imetajwa kwenye mashtaka, ni kwa sababu ilifaa siku hiyo. Vita vya namna hii vikidumu, bajeti huchelewa na wauguzi hukaa bila mshahara. Itazame kwenye televisheni, lakini usiiweke kwenye orodha yako.

Ningechagua hivi

Zahanati bila dawa: siku moja, vitu viwili. Barua kwa Katibu wa Kaunti kuomba hati za dawa, na MCA aombwe kwa maandishi adai taarifa ya kamati ya afya. MCA akileta dawa kabla ya siku 21, vyema, lakini barua isiondolewe. Habari zikinyimwa, CAJ. Zikionyesha wizi, EACC. Zikionyesha uzembe, ombi kwa Seneti lenye sahihi za kijiji.

Ada ya soko iliyopandishwa ghafla: MCA hatakufaa sana, maana huenda yeye mwenyewe aliipigia kura. Tafuta tangazo la ushirikishaji wa umma, tarehe ya mkutano na orodha ya waliohudhuria. Visipopatikana, kikundi cha wafanyabiashara kimtafute wakili. Mfano wa Kiambu upo.

Mradi hewa, yaani kisima kilicholipiwa na ardhi ni kavu: anza na ripoti ya Mkaguzi Mkuu. Ukiukuta humo, kazi ya ushahidi umeshafanyiwa, na kamati ya hesabu ya Seneti itakuwa na gavana mbele yake siku ya kuijadili ripoti hiyo. Mpelekee seneta wako picha ya eneo, tarehe yake, na nambari ya ukurasa, si maelezo marefu.

Na ikiwa anayejua ukweli ni mfanyakazi wa kaunti yenyewe, tuseme karani wa stoo au muuguzi, asitie jina lake kwenye barua yoyote kati ya hizi na asiandike Facebook. EACC ina mfumo wa mtandaoni wa kuripoti bila kujitambulisha, unaomruhusu mtoa habari kuendelea kuwasiliana na wachunguzi bila kufichua jina. Autumie kwa simu yake na bando lake, nje ya kituo, na asipige picha hati ambayo ni yeye peke yake angeweza kuifikia. Jirani asiyefanya kazi kaunti aiombe hati hiyo hiyo kwa barua ya habari, ili ikitoka, itoke kwa njia ambayo haimwelekezei mtu yeyote kidole.